Mbona linki ikitupiwa kwenye grupu watu wanaamini bila hata kuifungua? Wana-Kusini njooni

#1 Mwana_Mikindani

Wakuu, salaam.

Grupu letu la wakulima (AMCOS, yaani chama cha ushirika, moja huku Mtwara vijijini, jina naliacha) jana usiku liliwaka moto. Mtu katupia linki. Kile kiboksi chake kina picha ya magunia ya korosho na kichwa cha habari kwamba bei ya mnada imepaa. Basi. Hapo hapo watu wakaanza kuambizana wasipeleke mzigo ghalani, wasubiri mnada unaofuata. Wengine wakamgeukia katibu kuwa anawaficha bei ili awauze. Mzee mmoja akafunga mjadala: "Si mmeona wenyewe? Ipo mpaka mtandaoni."

Nikaifungua. Habari ni ya msimu uliopita! Tarehe ipo, kwa maandishi madogo ya kijivu chini ya jina la mwandishi. Nikaandika: jamani hii ni ya mwaka jana. Jibu nililopata: "Na wewe linki yako iko wapi?"

Sasa nauliza. Mtu angeandika kwa maneno matupu "bei imepanda", nusu ya grupu ingesema chai. Ikija na maandishi ya bluu inageuka ushahidi. Haijafunguliwa, haijasomwa, lakini imemfanya mtu mzima azuie magunia yake ndani. Hii nguvu linki imeitoa wapi?

#2 Chuno_Kwetu

Ngoja waje wenye minada yao. Mimi nimekaa pembeni na uraka wangu wa mabibo.

#3 Mpole_wa_Ligula

Mkuu umeleta habari ya linki bila kuweka linki. Chai hii 😂

#4 Mwana_Mikindani

#3 ndo wale wale.

#5 Mwl_Nachi

Mada nzuri. Nianze na chimbuko lake. Wasomi wakiandika kitabu huonyesha wamechota wapi. Msomaji wa kawaida haendi kukitafuta hicho kilichotajwa, anaridhika kwamba kimetajwa. Linki imerithi heshima hiyo. Aliyeileta ni Tim Berners-Lee mwaka 1989, akiwa kituo cha utafiti cha CERN kule Uswisi. Pale watafiti walikuwa wanakuja na kuondoka, nyaraka zinapotea, akataka karatasi moja iweze kukupeleka kwenye nyingine.

Halafu Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa Stanford, wakaanzisha Google mwaka 1998. Ujanja wao ulikuwa kuhesabu linki. Ukurasa unaolinkiwa na wengi, hasa na kurasa ambazo nazo zinalinkiwa na wengi, unapanda juu. Kila linki ikawa kura. Kuanzia hapo ukimlinki mtu unampandisha, hata kama nia yako ni kumtukana. Mwaka 2003 watu walikubaliana waulinki wasifu wa Rais George W. Bush kwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya "aliyefeli vibaya". Ukiyatafuta maneno hayo Google, anatokea yeye wa kwanza, wakati kwenye ukurasa wake hayakuwemo hata kidogo. Google walikuja kuuzima mchezo huo 2007.

Kwa hiyo mzee wa #1 hakosei sana. Tumefundishwa kwamba kilicholinkiwa kina uzito.

#6 Kijana_wa_Mtama

Mwalimu heshima yako, ila Berners-Lee alileta wavuti. Wazo la linki lilikuwepo. Ted Nelson alikuwa anaandika habari zake tangu 1965, na Douglas Engelbart mwaka 1968 alisimama mbele ya watu kule San Francisco akaonyesha kompyuta ya kubofya neno likakupeleka kwingine, na kipanya mkononi. Berners-Lee aliunganisha hilo wazo na intaneti, akaliachia bure.

#7 Mwl_Nachi

#6 nakubali, umesoma.

#8 BintiNewala

Mwalimu umetupeleka hadi Uswisi wakati tatizo lipo kwenye bando. Watu wengi huku wanaunga lile la mitandao ya kijamii tu. WhatsApp inafunguka, Facebook inafunguka, ukibofya linki ya gazeti inazunguka weee halafu inagoma. Au inafunguka na kukomba salio. Kiboksi ni bure. Kusoma kinachoonekana kwenye kiboksi ndiyo kusoma kwenyewe. Mkiwacheka wazee wa AMCOS kwamba hawafungui linki, wapeni kwanza MB.

#9 Chuno_Kwetu

#8 umemaliza. Uzi ufungwe.

#10 FundiSimu_Chikongola

Usifungwe kwanza. Mimi ni fundi simu, kibanda changu kipo jirani na soko la Chikongola, na hizi simu za wazee zinapita mikononi mwangu kila siku.

Kwanza mjue kile kiboksi kinavyotengenezwa. Kwenye WhatsApp, simu ya mtumaji ndiyo inayokwenda kwenye tovuti, inachota kichwa, maelezo mafupi na picha, halafu inakutumia vyote vikiwa vimeshonwa kwenye ujumbe. Wewe mpokeaji hujaigusa tovuti kabisa. Hicho kichwa mwenye tovuti anakiandika sehemu ya pembeni ambayo msomaji haioni. Mtindo huu ulishika kasi Facebook walipoleta utaratibu wao wa Open Graph 2010. Anaweza kuweka kichwa kimoja kwenye kiboksi na kingine kabisa ndani, hakuna wa kumzuia. Na tarehe haimo. Hapo ndipo grupu la mleta uzi lilipopigwa.

Pili, na hii huwa inanichekesha. Mzee analeta simu, kioo kina ufa, anasema "mjukuu, hii habari haifunguki, nifungulie". Nabofya. Chrome inanikaribisha, inataka nikubali masharti! Maana yake tangu simu inunuliwe hajawahi kufungua linki hata moja. Ukirudi WhatsApp yake unakuta amefowadi linki kwa ukoo mzima, msikiti mzima na grupu la pembejeo. Kushikilia kidole mpaka ujumbe ubadilike rangi, kugusa mshale, kuchagua majina, anafanya bila miwani. Kubofya ndiyo kunamshinda.

#11 Mpole_wa_Ligula

Hahaha "mjukuu nifungulie". Huyo ni babu yangu kabisa.

#12 Takwimu_Tupu

Siyo wazee wetu tu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia na wenzao wa Ufaransa, 2016, ulionyesha asilimia 59 ya watu wa Twitter hawafungui linki wanazosambaza.

#13 Kijana_wa_Mtama

#12 karibu, ila siyo hivyo. Asilimia 59 ni ya linki, siyo ya watu. Kati ya linki zilizosambazwa pale, asilimia 59 hazikubofywa na mtu yeyote. Inawezekana mtu mmoja anafungua nyingi na mwingine hafungui hata moja.

Ya 2024 ndiyo inakaribia unachosema. Watafiti wa Penn State waliangalia Facebook, posti zaidi ya milioni 35 zenye linki, za kati ya 2017 na 2020. Asilimia kama 75 ya usambazaji ulifanywa na watu ambao hawakubofya kwanza. Na hao hawakuwa na shida ya bando la Newala, kwa hiyo hoja ya #8 haitoshi peke yake.

#14 BintiNewala

#13 mimi sijui ya Marekani. Wao hawafungui kwa uvivu, sisi hatufungui kwa salio. Mambo mawili tofauti yanaweza kuzaa tabia moja.

#15 Takwimu_Tupu

Sawa mkuu #13. Ila dawa ipo. Twitter 2020 walijaribu kumuuliza mtu anayetaka kurusha habari ambayo hajaifungua: unataka kuisoma kwanza? Wenyewe walisema waliofungua waliongezeka kwa asilimia 40.

#16 Msimbati_Beach

Mnahangaika bure na tekinolojia. Tatizo ni NANI kaituma.

Mwaka 2019 kile kimbunga cha Idai kilipokuja huku Mtwara, grupu letu la mtaa lilipokea linki nyingi sana. Moja ilikuwa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa kabisa, kijana fulani kaiweka asubuhi. Kimya. Hakuna aliyejibu, mtu kaweka tangazo la vitumbua juu yake. Baadaye mke wa imamu akaituma ile ile, herufi kwa herufi, akaongeza neno moja: "Tuhameni." Watu wakabeba watoto na magodoro wakaanza kupanda kwenda juu. Linki ile ile! Ingekuwa nguvu imo kwenye linki wangehama asubuhi.

#17 Nanyamba_Mjini

#16 kilichokuja kwetu ni Kenneth. Idai ilipiga Beira mwezi wa tatu. Kenneth ilikuwa mwezi wa nne, tukafungiwa shule na ofisi, halafu usiku wa tarehe 25 ikakatia Cabo Delgado ng'ambo ya Ruvuma. Ila kisa chako nakikubali.

#18 Msimbati_Beach

Ndiyo, Kenneth. Asante.

#19 Mwl_Nachi

#16 unathibitisha hoja yangu. Mke wa imamu "amepiga kura" kwa ile linki, na kura yake ina uzito kuliko ya kijana. Google inafanya hivyo hivyo kwa kurasa.

#20 Msimbati_Beach

Hapana mwalimu. Google haijui nani kamzika nani mtaani. Huyu mama akisema tuhameni ni kwa sababu tumekaa naye kwenye misiba. Angeandika bila linki tungehama pia.

#21 Mwl_Nachi

Na kwa nini basi akaiweka?

#22 Chuno_Kwetu

Imekuwa ngumu sasa 😂 naongeza uraka.

#23 Dada_wa_Korosho

Habari zenu. Mimi nauza korosho zilizobanguliwa na kochoko (mabibo makavu), wateja wangu wengi wako Dar na Dodoma. Nina kisa kinachowapinga wote.

Nilitengenezewa tovuti nzuri, ina picha, ina bei, ina kitufe cha kulipia. Nikawa naweka linki yake kwenye kila tangazo. Watu hawabofyi! Mteja anaona tangazo, anaandika kwenye komenti "bei gani dada?" wakati bei ipo kwenye linki. Nikamuuliza mmoja, akanijibu: "Linki naogopa, nitaibiwa hela kwenye simu." Nikaitoa, nikaweka ile linki ya wa.me inayofungua chati yangu moja kwa moja. Oda zikaanza kuja.

Kwa hiyo mnaposema watu wanaamini linki, inategemea inadai nini. Linki ya habari haikuombi kitu, utaamini tu. Linki ya kununua inataka hela, hapo kila mtu anakuwa mpelelezi. Na wa.me nadhani wanaikubali kwa kuwa ng'ambo ya pili wanajua kuna mtu watakayemwuliza na akawajibu.

Insta ndiyo usiseme. Linki ukiiandika kwenye maelezo ya picha haibofyeki, mpaka uwaambie "linki kwenye bayo", na hapo umeshawapoteza.

#24 Mpole_wa_Ligula

#23 kilo bei gani dada?

#25 Dada_wa_Korosho

Njoo PM 😂

#26 Nanyamba_Mjini

#23 ana bahati wateja wake wanaogopa. Shangazi yangu hakuogopa. Ililetwa linki kwenye kikundi chao cha VICOBA, "jisajili upate mtaji wa wanawake", sharti la kwanza uitume kwenye magrupu 10. Akaituma. Sharti la pili namba ya simu na namba ya siri ya kuhakiki usajili. Akaiweka. Salio likasafishwa, pamoja na michango ya wenzake aliyokuwa ameshika. Kilichomuumiza zaidi ni kwamba wanakikundi wawili walijaza kwa kuwa imetoka kwake. Hawakuiamini linki, walimwamini mama mweka hazina. Mpaka leo kikundi hakijatulia.

#27 FundiSimu_Chikongola

Pole sana. Hilo la "tuma kwa magrupu 10" ndiyo alama yake kubwa. Tapeli anakuajiri wewe umpe uso, maana yeye hana.

Msome anwani vizuri. Tafuteni mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina la tovuti, halafu msome kurudi nyuma. Kilichokaa karibu na huo mkwaju ndiyo mwenye nyumba. Kama panaishia go.tz, ni serikali. Kama go.tz iko katikati na baada yake kuna nukta na jina jingine, hilo jina jingine ndiyo mwenyewe. Na namba ya tapeli aliyekupigia au kukutumia meseji irushe kwenda 15040, ndiyo ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa kazi hiyo.

#28 Kijana_wa_Mtama

Na hizi linki fupi, zile za bit.ly, hiyo .ly ni herufi za nchi ya Libya.

#29 Chuno_Kwetu

Kwa hiyo tumekaa Mtwara tunafungua mambo ya Libya? Ntwara kuchele!

#30 Kijana_wa_Mtama

#29 ni jina tu, kampuni ni ya Marekani. Ila mwaka 2010 Libya waliwahi kufunga anwani moja ya .ly kwa kusema maudhui yake yanapingana na sheria zao.

#31 Lindi_Kwa_Mjusi

Mmeongelea mwenye kubofya, hamjaongelea nani analinkiwa. Ingieni Google mtafute Tendaguru. Ni hapa hapa Lindi. Mifupa ya yule mjusi mkubwa (dinosaria) ilichimbwa 1909 mpaka 1913, ikabebwa vichwani mpaka bandarini, leo imesimamishwa Berlin, kimo chake mita 13 na ushee. Fuata linki utakazoletewa: makumbusho ya Berlin, jarida la huko, makala ya huko, na zote zinalinkiana zenyewe kwa zenyewe. Kijijini penyewe hakuna linki inayokwenda. Kama kila linki ni kura kama asemavyo mwalimu, basi Lindi kwenye mambo ya mjusi wetu hatukuandikishwa kupiga kura.

#32 Mwl_Nachi

#31 hii ndiyo posti ya uzi.

#33 Mpole_wa_Ligula

#31 lakini linki inakwenda wapi kama huku hakuna tovuti? Andikeni kwanza. Mnataka kulinkiwa bila kuandika.

#34 Lindi_Kwa_Mjusi

Walioandika walikuwepo. Enzi zile vijana wa Lindi na Mtwara walikuwa na blogu, wanapiga picha, wanaandika. Zikaja kanuni za 2018, blogu zikatakiwa zisajiliwe na kulipiwa, wengi wakaacha. Mimi nilikuwa nafuatilia mambo ya bomba la gesi la Mtwara ya 2013. Leo nikirudi kwenye nyuzi za wakati ule, linki nyingi zimekufa, unabofya unaambiwa ukurasa haupo. Kumebaki watu wanabishana juu ya kitu ambacho hakionekani tena.

#35 Takwimu_Tupu

Hilo lipo dunia nzima. Pew, kituo cha utafiti cha Marekani, waliangalia mwaka 2024: kurasa zilizokuwepo 2013, asilimia 38 hazifunguki tena muongo mmoja baadaye.

#36 Nanyamba_Mjini

Jaribu Wayback Machine mkuu #34, ile tovuti inayohifadhi kurasa za zamani. Baadhi ya blogu wamezihifadhi, picha ndizo hazitoki.

#37 Ruangwa_Damu

Nyie wote mnaongelea marehemu. Linki imeshakwisha, siku hizi ni skrinshoti. Wenye mitandao hawataki utoke kwao. X (Twitter ya zamani) posti yenye linki ilikuwa inashushwa, Musk mwenye mtandao alishakiri. Kanada, tangu mwezi wa nane 2023 Facebook na Instagram hazionyeshi linki za habari kabisa, kwa kuwa sheria ilitaka Meta iwalipe vyombo vya habari. Kwa hiyo watu wanapiga picha kichwa cha habari na kuirusha. Picha haina pa kubofya, haina tarehe, haina mwenyewe. Mleta uzi ushukuru ililetwa linki, uliweza kuifungua ukaona ni ya mwaka jana. Ingekuwa skrinshoti ungesemaje?

Na Namungo wanacheza lini?

#38 Chuno_Kwetu

Namungo tena 😂 #37 ulikuja vizuri ukaharibu mwisho.

#39 Mwana_Mikindani

Nimesoma zote, asanteni. #37 umeniogopesha maana ndicho kilichotokea leo. Katibu alipiga picha matokeo ya mnada kutoka mfumo wa TMX (Soko la Bidhaa Tanzania) akaiweka kwenye grupu. Wakasema picha imechezewa, alete linki. Akaleta linki. Wakasema haifunguki (#8 upo?). Mwisho akaprinti, akabandika kwenye mlango wa ghala. Asubuhi hii nimepita hapo, watu wamejaa, kila mmoja anaipiga picha ile karatasi na kuirusha kwenye grupu.

#40 BintiNewala

#39 nipo 😂😂 na mzigo umepelekwa?

#41 Mwana_Mikindani

Nusu wamepeleka. Yule mzee bado kazuia, na kuna walio nyuma yake. Nasikia watu wa kangomba, wale wanunuzi wa magendo, wameshaanza kumzungukia jioni jioni.

#42 FundiSimu_Chikongola

Wekeni sheria kwenye grupu: anayetupia linki aandike chini yake tarehe ya habari na jambo moja alilolisoma ndani. Asiyeweza, admini anaifuta. Mimi kwenye grupu la mafundi tunafanya hivyo, kelele zimepungua.

#43 Msimbati_Beach

Itafanya kazi kwa mafundi. Kwa wakulima, admini atafuta linki ya mtu aliyemzidi umri?

#44 Mwana_Mikindani

#43 umegusa penyewe. Admini wetu ni mkwe wake yule mzee.